Ngara na Biharamulo: Ni Karibu, Lakini Utafika Saa Ngapi?

Hivi mpenzi msomaji, ukimwambia mwenzio "nakuja", huwa unahesabu kilomita au saa? Mimi nilihesabu kilomita, nusura nimpoteze mchumba.

Yeye ni muuguzi Ngara, mimi nafundisha Biharamulo. Wilaya jirani, mkoa mmoja wa Kagera. Kwenye ramani, ukipima kwa rula toka mji hadi mji unapata kama kilomita 75. Nikaona pua na mdomo! Kumbe gari halipiti kwenye rula. Barabara inashuka kwanza kusini hadi Lusahunga, ndipo unashika njia kuu ya Rusumo kuelekea kaskazini magharibi. Umbali unakaribia kuwa mara mbili.

Jumamosi hiyo nilikuwa naenda kuonana na wazazi wake kwa mara ya kwanza. Chakula cha mchana, saa 7. Saa 3 asubuhi niko stendi, lakini gari haliondoki mpaka lijae, na lilijaa saa 4 na nusu. Lusahunga nikashuka kusubiri usafiri mwingine, malori ya Rwanda na Burundi yakinipita. Nilipopata, tukakaa nyuma ya lori linalopanda kilima mdogo mdogo. SMS ikaingia: "Upo wapi?" Nikajibu: "Nakaribia." Ya pili, "Nakaribia." Ya tatu nikaandika mimi, hakujibu.

Mzee niliyekaa naye akacheka. "Mwalimu, nyie mna raha. Wakati wa majambazi tulikuwa tunasubiri askari wenye bunduki watusindikize pori hili. Nani angethubutu kumwahidi mtu saa?" Kisha akanikumbusha Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya kama saa 24, wengi kwa miguu, wakapiga kambi Benaco. Nikaona aibu kulalamikia lori.

Nyakasanza njia zikagawanyika: kulia Rusumo, kushoto Ngara na mpaka wa Burundi. Vilima vikaanza, migomba, hewa ya baridi. Uzuri wote huo niliuangalia huku natazama saa.

Nimefika saa 9 na nusu. "Shikamoo mama," nikasema kwa sauti ya mkosaji. "Marahaba mwanangu, pole na safari." Yeye akanivuta pembeni. "Sijakasirikia barabara. Nimekasirikia hiyo 'nakaribia' yako. Wazazi wangu wamekaa na njaa kwa kukuamini."

Jamani, alikuwa na haki. Siku hizi hatuahidiani saa ya kufika. Tunaambiana gari limeondoka saa ngapi, nani yuko Lusahunga, nani kapita Nyakasanza. Mwezi huu naenda mimi, mwezi ujao anakuja yeye.

Lakini ndoa ya kupokezana stendi itadumu miaka mingapi? Tumekaa tukajadili, bila kupimana nani ana mshahara mkubwa. Hospitali yake inamhitaji, na shule zipo Ngara pia.

Barua ya kuomba uhamisho nimeandika mimi. Wewe kwako, nani ataandika?