Goroka: Nguruwe, Viazi na Mawe ya Moto

Abiria wa basi dogo la kutoka Lae walibeba nazi kwa magunia. Lae ni mji wa bandari nchini Papua Guinea Mpya, na Highlands Highway ndiyo barabara inayopeleka watu na mizigo nyanda za juu. Minazi haistawi kwenye baridi, kwa hiyo wanaopanda milimani hubeba nazi, na wanaoteremka hubeba viazi na kabichi. Tulivuka bonde la Markham jua likiwaka, tukanunua karanga na popoo kando ya njia, kisha basi likaukwea mlima wa Kassam likikoroma. Goroka iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Niliposhuka, nilitafuta sweta kwanza, chai baadaye.

Familia iliyonipokea ilikuwa ikisubiri wakwe. Katika nyanda hizo nguruwe hutolewa mahari, hulipwa fidia ya ugomvi, na msiba wa maana haupiti bila yeye. Nguruwe wa siku hiyo alikuwa amekwisha kuchinjwa na kubabuliwa manyoya tulipoanza kuandaa mumu, mapishi ya shimoni.

Vijana walichimba shimo lenye kina cha goti, wakawasha kuni na kurundika mawe juu yake. Mzee aliyesimamia moto aliyakagua mawe moja moja, akayatupa kando yaliyotoka mtoni yangali na maji, maana jiwe lenye unyevu ndani hupasuka na kurusha vipande usoni mwa mtu. Yaliyobaki yalipigwa moto mpaka masizi yakaungua yakatoka, yakabaki meupe.

Hapo kazi ikahamia kwa mama mwenye nyumba. Mawe yaliteremshwa shimoni kwa koleo la mti uliopasuliwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Juu yake akapanga viazi vitamu vilivyoparwa maganda, magimbi na ndizi mbichi. Kisha nyama ya nguruwe, mafuta yakielekea chini. Kisha tangawizi iliyopondwa, chumvi, na majani ya maboga kwa mafungu makubwa. Alikamua tui kwa mkono, likapenya katikati ya nyama. "Nyama haikai chini," aliniambia bila kugeuka. "Viazi vitakunywa nini?" Majani mengine yakafunika, maji yakamwagwa pembeni, mvuke ukaruka kwa kishindo, na shimo likafukiwa kwa udongo upesi kabla mvuke haujatoroka.

Tukisubiri, mazungumzo yalikuwa ya kilimo, na watu wa huko wana haki ya kukizungumzia. Huko Kuk, karibu na Mount Hagen, mifereji ya mashamba ya kale inaonyesha kwamba watu walilima magimbi na ndizi maelfu ya miaka iliyopita. UNESCO iliorodhesha eneo hilo kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Kiazi kitamu, ambacho asili yake ni Amerika, kilikuja baadaye sana, kikashinda kwa sababu huvumilia baridi na udongo uliochoka. Mtu hula kiazi kikubwa, kidogo humpa nguruwe. Kwa hiyo hata nyama tuliyoingojea ilikuwa imetokana na shamba lile lile la viazi.

Shimo lilipofukuliwa baada ya saa kama tatu, nyama iliachia mfupa yenyewe. Wakwe walipewa mapaja na mgongo, nasi wengine tukagawana kilichobaki. Lakini sahani zilizoisha kwanza zilikuwa za viazi, vikiwa vimelainika, vimejaa mafuta na tui, vyenye harufu ya jani la mgomba.

Wasabato ni wengi huko na nguruwe hawamli. Wao huweka kuku, na mapishi hayaharibiki. Nawe usiye na shimo, tumia sufuria nzito: tandika majani ya mgomba, viazi na magimbi chini, nyama juu, mboga mwisho, tui na maji kidogo, kisha moto mdogo kwa saa mbili. Usifunue ovyo, na usikoroge kabisa.