Kioo kwa Ndani

Uchafu wa nje wa kioo cha gari una mwenyewe. Ni tope la barabarani, ni vumbi la lori lililotangulia, ni wadudu wa jioni, ni kinyesi cha ndege aliyelala kwenye mparachichi. Unauona, unaulaumu, unauosha, na mvua ikinyesha waipa zinakusaidia. Uchafu wa ndani hauna mwenyewe. Hakuna aliyeurusha. Gari linaweza kusimama uani mwezi mzima milango imefungwa, halijabeba mtu wala mzigo, na siku utakapopitisha kidole upande wa ndani wa kioo cha mbele, kidole kitaacha njia.

Mimi ni dereva. Nimeendesha gari la kituo cha afya cha kanisa, huku milimani mkoani Njombe, kwa miaka 19. Nimebeba wagonjwa, chanjo, magunia ya viazi ya sikukuu ya mavuno, maaskofu wawili, na majeneza ambayo sikuyahesabu. Walioniomba niandike habari za imani yangu walitegemea labda niandike juu ya ajali niliyoponea. Nitaandika juu ya kioo, kwa sababu ndicho ninachokijua.

Utando ule wa ndani unatoka kwenye gari lenyewe. Dashibodi ni plastiki, na plastiki hiyo imelainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu ili isipasuke. Jua likiipiga kupitia kioo, mafuta hayo yanatoka kidogo kidogo kama mvuke usioonekana. Usiku kioo kinapopoa, mvuke unatua juu yake na kushika. Hata ile harufu ya gari jipya ambayo watu wanaipenda, sehemu yake ni mvuke wa namna hiyo. Ongeza pumzi za abiria, mafuta ya viganja, moshi wa jiko la mkaa lililopakiwa likiwa bado na moto (nimeshuhudia), na ile polishi ambayo vijana wanaoosha magari huipaka dashibodi mpaka ing'ae kama kiatu cha bwana harusi. Dashibodi ya namna hiyo inapendeza siku ya kwanza, halafu inapanda kiooni.

Mchana hutaona kitu, hasa jua likiwa nyuma yako. Macho yanapita kwenye utando kama haupo. Usiku ndipo hesabu inapofanyika. Lori la mbao linatokea mbele na taa kali, kila chembe ya mafuta iliyoko kiooni inatawanya mwanga, na kioo chote kinageuka pazia jeupe. Unasema dereva yule hana ubinadamu. Pengine kweli hana. Lakini taa zilezile zikipiga kioo safi utaona ukingo wa barabara, na utamwona mtu anayesukuma baiskeli yenye mkaa.

Najua wengi wa wasomaji watakimbilia maneno ya Bwana kwa Mafarisayo juu ya kikombe na sahani, na nimesikia mahubiri kadhaa yakifanya kioo kichafu kuwa mfano wa dhambi. Sipingi. Ila utando ninaousema mimi hautokani na ubaya wa gari. Ni joto, ni muda, na ni vitu ambavyo gari limetengenezwa navyo. Gari zuri likikaa juani litapata utando. Wala Paulo hatusaidii sana hapa: Kiswahili kinatumia neno moja, lakini yeye aliwaandikia Wakorintho juu ya kioo cha kujitazamia, na vioo vya zama zile vilikuwa shaba iliyosuguliwa. Mimi nasema kioo cha kutazamia njia.

Mwaka 2016 dizeli ilianza kupotea kwenye gari langu. Lita zilizoandikwa kitabuni hazikulingana na kilomita. Kamati ikakaa, na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima ambaye marehemu baba alimwita rafiki, akasimama mbele ya watu akasema dereva anauza mafuta. Mishahara yangu miwili ikakatwa nusu. Mwezi wa tatu fundi alilala chini ya gari akakuta mpira unaorudisha dizeli kwenye tenki umepasuka mahali pasipoonekana. Injini ikizimwa hauvuji, ikiwashwa unamwaga. Fedha zangu zilirudishwa na kamati ikaandika barua. Mimi na mzee tukaitwa ofisini kwa mchungaji, kila mmoja akasema ya kwake, maneno mengi yakatoka, tukasali, tukanywa chai. Tukaenda nyumbani.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kumulikwa. Mchungaji akihubiri habari za Akani na vitu alivyoficha hemani, au za Yuda aliyeshika mfuko, najikuta nimefumba macho. Mchungaji hakunikusudia mimi. Alifuata tu masomo ya kalenda. Mama mmoja wa kwaya alinitania siku moja kwamba gari langu linakunywa kuliko harusi, watu wakacheka, nami nilishindwa kumjibu. Sikuwa nimeiba, na barua ninayo hadi leo. Tope nililorushiwa lilikuwa limeshaoshwa mbele za watu. Kilichobaki kilikuwa kwa ndani, na hakikuwa na mrushaji niliyeweza kumshika. Nilimwambia Mungu hivyohivyo, gizani, gari likiwa limesimama: nimesafishwa, mbona sioni?

Niseme sasa juu ya michirizi, maana hapo ndipo watu wengi wanaposumbuka. Kijana anachukua kitambaa chenye maji ya sabuni, anapangusa kioo kwa ndani, kinaonekana safi, anafunga mlango. Jioni jua likishuka mbele yake anaona mistari kama ya jembe shambani. Anarudia kwa maji mengi zaidi na mistari inaongezeka. Michirizi ile ni utando uleule. Umelegezwa, umesogezwa, ukaachwa ukaukie palepale. Maji yanalegeza tu. Kinachoondoa uchafu ni kitambaa kikavu kinachofuata kabla maji hayajakauka. Ofisini kwa mchungaji siku ile tulilowesha. Hakuna aliyekausha.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Gari likae kivulini mpaka kioo kipoe, kwa sababu kwenye kioo cha moto dawa inakauka kabla mkono haujarudi. Maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, yanaacha weupe. Huku kwetu mvua hazitunyimi, nami nakinga maji ya bati mvua ikishanyesha vya kutosha kuosha paa. Nachanganya nusu maji, nusu spiriti ya kusafishia vidonda ninayopewa na muuguzi, chupa ndogo tu, na inaandikwa kitabuni. Spiriti inakata mafuta na kukauka upesi. Mwenye vioo vilivyobandikwa karatasi ya giza aepuke dawa za vioo zenye amonia, zinaiharibu. Dawa naipuliza kwenye kitambaa, si kwenye kioo, isije ikachuruzika ndani ya redio. Kitambaa cha kwanza chenye unyevu, cha pili kikavu kabisa, vyote vya nyuzi laini zisizoacha manyoya. Gazeti la wazee wetu nalo linafanya kazi, nimelitumia miaka mingi, ila wino wake unahamia kwenye vidole na kutoka hapo kwenye dari la gari.

Kwa ndani napangusa kwa kulala, kutoka upande hadi upande. Kwa nje napangusa kwa kusimama, juu kwenda chini. Mchirizi ukitokea, mwelekeo wake unakuambia uko upande gani, na hutapoteza asubuhi nzima ukisugua upande usio na kosa.

Pabaya zaidi ni chini kabisa, pale kioo kinapokutana na dashibodi. Kioo kimelala, kiganja hakipiti. Geuza mkono, mgongo wa mkono uelekee dashibodi, usukume kitambaa kwa ncha za vidole. Kona ya kushoto huifikii vizuri ukiwa kwenye usukani. Ni lazima uhame kiti, au uwe na mtu upande ule.

Julai ya mwaka uliofuata, saa mbili usiku, muuguzi alinigongea. Binti aliyekuja kujifungua alikuwa ameshindwa, mtoto amekaa vibaya, inatakiwa hospitali ya mjini usiku uleule. Alikuwa binti wa mzee yule. Walimlaza nyuma, muuguzi na mama yake wakakaa naye, mzee akapanda mbele pamoja nami. Nilimwamkia, akaitikia, nikawasha gari.

Anayeijua Julai ya Njombe anajua ukungu wake. Nje umetanda, na ndani watu watano wanahema, mmoja wao kwa nguvu za uchungu. Feni ya gari letu ni ya zamani, inapuliza kama mtu anayepoza uji. Kioo kikaanza kufunga kwa upande wa ndani. Mzee akaona, akanyoosha mkono akapangusa kwa kiganja, mbele yake kisha mbele yangu. Alitaka kusaidia. Lakini kiganja kina mafuta, na lori la kwanza lilipotokea kwenye kona, taa zake zilishika ile njia ya vidole vitano, barabara yote ikapotea. Nilipunguza mwendo hadi karibu kusimama. Nyuma binti alilia jina la Mungu.

Chini ya kiti changu huwa nina kitambaa kikavu kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikitoa nikampa.

"Mzee, tumia hiki. Usisugue. Pitisha tu, kutoka kwako kuja kwangu."

Akapitisha. Kioo kikafunguka. Dakika chache kikafunga tena, akapitisha tena. Kwenye kioo safi mvuke unatanda kama maji ya sahani na unaweza kuona kupitia kwake; kwenye kioo chenye mafuta unasimama matone matone na hauoni kitu. Jumamosi ile nilikuwa nimesafisha, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ni mvuke na alama ya kiganja chake tu. Alifanya hivyo kwa saa mbili. Kila lori lilipotupita aliuliza, "Unaona?" Nami nilijibu, "Naona, mzee." Hatukuzungumza jambo lingine lolote. Nakumbuka niliacha kuyaogopa malori, nikawa nangoja swali lake.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji saa saba usiku, wa kiume, na mama yake akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya yote, na kwa madaktari ambao majina yao sikuyajua.

Asubuhi nilikuwa nasafisha gari kwenye maegesho ya hospitali. Nyuma nilikwisha kuosha, maana kulikuwa na damu. Nilikuwa nimefika kwenye kioo mzee alipotoka, blanketi la hospitali bado begani. "Kamwene," akasema, nami nikaitikia. Akasimama akitazama ninavyogeuza mkono kwenye kona ya chini. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akaomba kitambaa. Nikampa kikavu. Mimi nililowesha, yeye akafuata nyuma yangu akikausha. Alama ya kiganja chake ilikuwa bado ipo, katikati, na ilihitaji kupitishwa mara tatu.

Hakusema samahani. Naliandika hilo kwa sababu wasomaji wa vitabu kama hiki hupenda kusikia kwamba alisema. Alisema mjukuu ataitwa jina la babu yake, akauliza kama spiriti ile haiharibu kioo. Nikamwambia haiharibu, mradi usiiache ikakauka yenyewe. Tulipomaliza aliinama, akatazama kioo kwa ubavu, kama mtu anayekagua ubao uliorandwa, akasema, "Kuna mstari hapa." Akaufuta.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa lingine, sikumbuki lipi. Nakumbuka nilisikiliza mpaka mwisho.

Utando ulirudi. Baada ya wiki tatu nilipitisha kidole na kidole kikaacha njia, kama siku zote, na yako majira bado ambapo neno fulani kanisani linanipiga machoni. Nasafisha kila Jumamosi ya pili. Mzee bado anakaa kwenye benchi lake la pili kutoka mbele, na akinikuta uani siku hiyo hukaa kushoto bila kuulizwa. Vitambaa navifua peke yake, kwa sabuni kidogo, nasuuza mara mbili. Sitii ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaacha mafuta kwenye nyuzi na mafuta hayo yatarudi kiooni. Navianika mbali na barabara, penye upepo, pasipo vumbi.