Matairi ya Masika

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, akiandika juu ya matairi ya gari. Shule, mashamba na malezi nimekwisha kuviandikia vya kutosha. Hili la matairi nimelitafakari kuliko mengi ya hayo, kwa sababu lilinijia kama kazi niliyopewa na wenzangu, na nyuma ya kazi hiyo palikuwa na kaburi dogo.

Hapa Zombo tuna chama cha kusaidiana. Kilianza kama chama cha kuzikana, kama vilivyo vingi, mpaka akina mama wakatuuliza kwa nini tunachangia sanda tu na hatuchangii safari ya hospitali. Swali lile halikuwa na jibu. Tukachanga kwa misimu mitatu ya ufuta na mbaazi, tukanunua Land Cruiser kuukuu, lililokwisha kutumikia wenzetu zaidi ya miaka ishirini. Injini ilikuwa nzima. Matairi yake tuliyabadilisha kwa matairi ya mitumba, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha.

Masika ya 2024 yalikuja juu ya mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023, na ardhi ilikuwa haijapata siku ya kukauka. Usiku mmoja gari lilimbeba binti mwenye mimba ya kwanza, likakwama mbugani. Magurudumu yote manne yalizunguka, gari lenyewe halikusogea hata hatua moja. Vijana walikuja na majembe na matawi ya miti. Mwisho binti alibebwa kitandani mabegani mwa wanaume hadi ng'ambo, ambako gari jingine lilikuja kumpokea. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Sisemi kwamba tairi ndilo lililomwua. Mganga alitueleza waziwazi kwamba uchungu ulikuwa umekwisha kuwa mrefu kabla hata gari halijaitwa. Hata hivyo, tulikaa matopeni saa nne, na hakuna aliyeweza kutuambia saa nne zile zilikuwa na uzito gani.

Baada ya mavuno mkutano uliazimia kununua matairi mapya, na mimi nikaambiwa nisimamie uchaguzi. Sababu waliyotoa ni kwamba Mwalimu anajua kusoma maandishi madogo. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini kumbe ilikuwa sababu nzuri.

Nilianza na udongo. Mwaka 1971, nikiwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mkufunzi wetu wa kilimo alitufundisha kutambua udongo kwa vidole. Unachukua konzi, unailowesha, unaiviringisha kama mnyoo. Mchanga haukubali kuviringika. Tifutifu huviringika, lakini ukikunja mnyoo huo hupasuka. Mfinyanzi hukunjika ukawa pete kamili, usipasuke. Somo hilo nililifundisha kwa miaka mingi kwa ajili ya bustani za shule, wala sikuwahi kufikiri kwamba litaniongoza dukani kununua tairi.

Nikamchukua dereva wetu, kijana niliyemfundisha darasa la nne, tukatembea kwa miguu njia ambazo gari hupita mara kwa mara: za vitongojini, na zile zinazotutoa nje, ama upande wa Kilosa ama upande wa Mikumi. Kila penye mashaka tuliinama, tukaviringisha udongo. Karibu na vilima tulikuta kokoto na changarawe kali. Mahali pengi palikuwa tifutifu na mchanga ulioshushwa na mito kutoka milima ya Rubeho. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaotoa pete, tuliukuta sehemu chache tu, nyingine hazizidi urefu wa viwanja viwili vya mpira. Udongo huu hunywa maji ukavimba, na kiangazi husinyaa ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa hunata kwenye tairi, hujaza mifereji yake, na baada ya mizunguko michache tairi jipya huwa laini kama kipara. Hapo ndipo mkwamo unapozaliwa.

Kwa hiyo tatizo letu lilikuwa hili: sehemu kubwa ya safari si matope, lakini matope machache ndiyo yanayoamua kama safari itafika.

Sasa nieleze aina za matairi, kwa faida ya asiyezijua. Lipo tairi la lami, lenye kashata za karibu karibu. Kashata ni yale matuta ya mpira yanayoikamata ardhi. Tairi hilo ni kimya, linashika breki vizuri barabarani, na mbugani halifai kitu. Lipo tairi la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana sana, ili udongo utupwe nje gurudumu linapozunguka. Katikati ya hayo mawili lipo tairi la njia zote. Kashata zake zimeachana kiasi, na nyingi zimechanjwa mistari myembamba inayosaidia kushika barabara iliyolowa.

Dereva alitaka tairi la matope, tena pana. Alikuja nyumbani jioni kunishawishi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwalimu, kwa heshima yako, matope hayasomi vitabu. Mimi ndiye ninayekaa mle usiku, na mgonjwa analia nyuma yangu."

Nilimheshimu kwa neno hilo, kwani hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na haki kuliko yeye ya kulisema. Lakini nilimwomba tufuate safari hadi mwisho wake. Mgonjwa akifika Kilosa, mara nyingine huambiwa aendelee Morogoro. Kutoka Kilosa kwenda Dumila sasa kuna lami, na anayetokea Mikumi anashika barabara kuu inayokatiza hifadhi, yenye malori, mvua na wanyama. Tairi la matope likiwa juu ya lami iliyolowa hugusa barabara kwa vipande vichache vya mpira, na gari huchelewa kusimama. Mama aliyevuka mbuga salama asije akaumia kwenye lami kwa sababu ya tairi lile lile lililomvusha. Dereva alinyamaza, kisha akasema hakubali bado, ila atafikiri.

Upana nao ulikuwa na hoja zake. Vijana hupenda tairi pana kwa sura yake, na ni kweli kwamba juu ya mchanga mwingi tairi pana huelea. Mbugani kwetu matope hayana kina kirefu. Chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba na refu huyakata matope na kuifikia ardhi hiyo, wakati lile pana hubaki likiteleza juu yake. Wazee wenzangu watakumbuka Land Rover za serikali za miaka ya 1970, zilizovaa matairi membamba ya 7.50-16, zikifika mahali ambapo leo magari ya fahari hurudi nyuma. Kipimo cha kisasa kinachokaribiana na kile ni 235/85R16: upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 85 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukipiga hesabu, gurudumu zima linasimama kiasi cha milimita 806. Lile la 265/70R16, alilolipenda dereva, ni pana zaidi lakini linasimama milimita 777 tu. Hesabu ya darasa la saba inatosha kuligundua hilo, na bado sijakutana na muuzaji aliyemfanyia mteja wake.

Ulinijia pia msaada kutoka ng'ambo. Binti wa mdogo wangu anaishi Ujerumani, na aliposikia habari hizi alinipigia simu: "Baba mkubwa, huku kuna matairi ya baridi, yanashika kwenye theluji. Nikutumie?" Nilimjibu kwamba hapa jirani tunayo Ulaya yetu, kata ya Ulaya, na matope yake hayajui theluji. Lakini nilimhoji sana, maana mwalimu hawezi kujizuia. Akanieleza kwamba mpira wa matairi hayo hutengenezwa ili ubaki laini hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa joto letu, mpira huo ungelika kama kifutio. Tena theluji hushikana na theluji. Kwa hiyo tairi la baridi hufaidika kuikumbatia theluji kwenye mifereji yake. Tope letu ni kinyume, kwani tairi linalolikumbatia limekwisha. Tangu hapo kila nionapo herufi M+S ubavuni mwa tairi, yaani matope na theluji, huzitazama kwa tahadhari. Zinaeleza mchoro wa kashata tu, wala si ushahidi kwamba tairi limejaribiwa. Wajerumani wenyewe tangu Oktoba 2024 hawazikubali peke yake kwa barabara za theluji. Wanataka ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Maandishi niliyoyatafuta kwa bidii yalikuwa tarehe. Enzi kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipokuwa kikifanya kazi, tairi lilitoka kaskazini likatufikia likiwa bichi. Siku hizi matairi husafiri baharini, yakakae ghalani, yakakae tena dukani. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi yetu ya mitumba, nilipoyasoma kwa tochi, moja lilikuwa la 2009. Kashata zake bado zilikuwa na kimo, na ndiyo maana aliyetuuzia aliweza kuyasifu. Lakini mpira ulikuwa umekauka, na ukiukandamiza kwa ukucha haukubonyea. Duka moja mjini lilinionyesha matairi "mapya kabisa" yaliyotengenezwa miaka saba kabla. Nilishukuru, nikatoka.

Upo pia uzito. Namba 120 baada ya kipimo maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 1,400. Gari letu hubeba mgonjwa, wasindikizaji, na mara nyingi gunia la mtu aliyeomba tu lifti. Sikutaka namba ndogo kuliko hiyo.

Katika mkutano ilitokea hoja ya kununua matairi mawili kwanza, ya nyuma, na mengine mwakani. Hoja hiyo nilipambana nayo kwa nguvu zote. Gari la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne halipendi matairi ya vimo tofauti mbele na nyuma. Gia zinazogawa nguvu huvutana zenyewe kwa zenyewe, na fundi wa gia ni ghali kuliko matairi mawili. Tukachangishana tena. Mjane mmoja alileta kuku.

Tukanunua manne ya njia zote, 235/85R16, ya mwaka ule ule wa 2024. Dereva alikubali kwa sharti moja, na sharti lake lilikuwa jema kuliko hoja zangu zote: minyororo. Jozi moja ya kufungwa magurudumu ya nyuma kabla ya kuingia penye udongo mweusi, na kufunguliwa baada ya kuvuka. Minyororo ni ile ile wanayoitumia wenye theluji. Tena tairi jembamba huiachia nafasi ya kuzunguka bila kugonga bodi.

Tuliongeza pampu ndogo inayotumia betri ya gari. Mbugani dereva hushusha upepo kutoka pauni 45 hadi 25, tairi likatandaza unyayo wake na kukamata zaidi. Akitoka hujaza tena, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami hupata joto ubavuni na kupasuka. Nilimpa daftari la shule aandike upepo, tarehe na safari. Mwandiko wake haujabadilika tangu darasa la nne.

Masika ya 2025 yamepita. Gari lilikwama mara moja, robo saa, kabla minyororo haijafungwa. Dereva ameliandika hilo mwenyewe, pamoja na jina la mgonjwa aliyekuwa akiharisha. Yule binti wa mwaka ule ana mimba tena, na mama mkwe wake amekwisha kuja kuniuliza kama gari ni zima. Nilimpeleka barazani, nikamwonyesha jinsi ya kupima kashata kwa kijiti cha kiberiti. Akapima yote manne. Kisha akauliza la tano, la akiba. Hilo bado ni mojawapo ya yale ya zamani, na tumekubaliana kulinunua tukishauza ufuta.