Kuvundika na Kuvunda

Leo nakuletea maneno mawili niliyojifunza upya nikiwa mtu mzima, tena kwa aibu.

Hapa Kigali, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majirani hutoka kufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Mwezi mmoja tulikubaliana kwamba baada ya kazi tungempelekea chakula mama wa mtaani kwetu aliyekuwa ametoka kujifungua. Kila nyumba ilitoa ilichojaliwa: dodo (dodo ya huku ni mchicha, si lile embe la pwani), kabichi, karoti, nyanya, maparachichi na mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva. Nilijitolea kuvitunza kuanzia Jumatano. Niliosha mboga zote, nikazipanga zikiwa na maji yake juu ya ndizi katika sanduku moja, nikafunika kwa turubai ili vumbi lisiingie. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

Jumamosi asubuhi nilipofunua, nilipokewa na harufu. Dodo imekuwa ya manjano na utelezi, nyanya zimepasuka, maparachichi yamelainika kama uji. Bibi jirani, aliyekulia Bujumbura na ambaye Kiswahili chake kinanizidi, aliinama akatazama.

“Mwalimu, wewe hukuhifadhi mboga. Umezivundika.”

Kuvundika ni kuyaweka matunda mabichi mahali pa joto palipofunikwa ili yaive upesi. Ndivyo wazee wa huku wafanyavyo wanapofukia ndizi shimoni kabla ya kuzikamua kwa ajili ya pombe. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huyahimiza matunda yaliyo karibu yaive. Lakini jani halina kuiva. Gesi hiyo hulizeesha na kuliondolea ukijani wake, na karoti huingia uchungu. Mimi niliifungia gesi ndani, nikaongeza maji na joto, vitu ambavyo ukungu hauhitaji kualikwa navyo mara mbili. Ndipo kuvundika kulipogeuka kuwa kuvunda, yaani kuoza na kunuka.

Bibi hakunigombeza. Alinionyesha sakafu ya saruji kwenye pembe isiyopigwa na jua: hapo ndipo pa dodo, haijaoshwa, imefungwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ndizi na maparachichi yakae mbali nayo. Nyanya zitandazwe, zisibebane. Viazi huwekwa gizani penye hewa, kwani mwanga huvigeuza kijani na kuvitia sumu. Vitunguu navyo vikae kwingine, vikavu.

Nilijaribu kujitetea kwamba tangu mwaka 2008, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, hatuna cha kufungia mboga. Alicheka. “Mfuko ule nao ungezitoa jasho, mwanangu. Kikapu kinapumua.”

Nilikwenda sokoni Kimironko, nikanunua upya kila kilichoharibika kwa fedha zangu mwenyewe. Hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nyumba moja, ambayo najua haili mara tatu kwa siku, ilikuwa imetoa kabichi yake pekee, na kabichi iliyofika kwa mzazi ilikuwa yangu, si yao.

Mwezi uliofuata tulichangishana tena. Nikajitolea tena. Walishauriana, wakanikabidhi vitunguu.