Pier 21: Walikoshukia mabibi harusi wa vita

Kusema kweli, Halifax nilikwenda kikazi, na Pier 21 niliingia kukimbia baridi tu. Nikatoka jioni. Ni jengo refu kando ya bahari, mashariki mwa Kanada, gati lililopokea wahamiaji tangu 1928 hadi 1971. Leo ni makumbusho.

Kilichonishika ni habari ya mabibi harusi wa vita. Askari wa Kanada walikaa miaka Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapenda, wakaoa. Vita vilipokwisha wakarudishwa kwao, wake wakabaki kusubiri meli. Kati ya 1942 na 1948 walivuka wanawake kama 48,000 na watoto 22,000. Tarehe 10 Februari 1946, meli ya Mauretania II ilifunga gati hapa ikiwa imejaa wao.

Pichani wanacheka, kofia zimekaa sawa, watoto begani. Lakini jamani, nyuma ya gati ilikuwepo reli, na safari yenyewe ndipo ilipoanzia. Wa Vancouver alikuwa na siku nyingine nne tano za kukaa kwenye treni! Ndani wametengeneza behewa la mfano. Nikaketi nikajaribu kuvaa viatu vyao: una miaka 20, mtoto mapajani, dirishani theluji na misitu tu. Mume uliyemzoea na gwanda atakuja stesheni kavaa kiraia. Utamtambua? Na lile shamba alilokuwa analisifia, kumbe nyumba haina umeme wala bomba, na jiko ni la mama mkwe. Wengi walivumilia wakajenga maisha. Wapo waliogeuza.

Nikamkumbuka shoga yangu wa Dar. Amefunga ndoa, mume karudi Toronto baada ya wiki tatu, yeye anasubiri viza. Kila siku simu, picha, mioyo. Yaani meli tu ndiyo imebadilika.

Usiku ule nilikesha hadi Dar kupambazuke, nikampigia. Kama anampenda sikumuuliza, hilo nalijua.

"Shoga, nyumba mtakayokaa umeiona? Humo ndani anaishi nani mwingine?"

Kimya. Halafu akasema, "Ngoja nimuulize."

Jioni ujumbe ukaingia: vyumba viwili, na dada wa mume na wanawe wawili wamo. Viza bado anaisubiri. Ila sasa wanaongea mambo mengine kwenye simu, na juzi wamegombana kwa mara ya kwanza.