Amri kwa Mbwa

Mjomba alikuwa ametoa hukumu: mwisho wa mwezi Simba aondoke katika parsele. Alikuwa mbwa wa miezi minne, anakojoa sebuleni na kumrukia kila anayeingia, hata Nyanya anayetembea na fimbo.

Mkojo haukusumbua sana. Tulimtoa nje kila alipoamka, alipokula na alipomaliza kucheza, tukamsifu papo hapo. Sakafu tuliisafisha kwa siki, maana harufu humrudisha pale pale. Kumpiga kwa mkojo wa saa iliyopita ni bure. Haunganishi pigo na kosa.

Kuruka ndiko kulikonivuta kama mwanafunzi wa lugha. Mama alisema “shuka”, kaka “descends”, Mjomba “couché”, neno lile lile alilotumia kumlaza. (Hapa Lubumbashi mbwa wengine huamriwa kwa Kifaransa hata na wasiokizungumza mezani.) Tena anayemkemea humtazama na kumsukuma kwa mikono, na hicho ndicho mbwa anachokitafuta. Kwa Simba, amri zote tatu zilikuwa salamu.

Nikapendekeza kimya. Akiruka, mpe mgongo, kunja mikono. Miguu yote minne ikiwa chini, ndipo umsalimie. Nyanya alishika haraka kuliko sote. Mjomba alichelewa: moyoni alipenda kupokelewa kama chifu.

Wiki ya tatu Nyanya aliingia, akasimama. Simba akaketi mbele yake, mkia ukifagia vumbi.

Mwezi umekwisha. Mjomba hataji tena hukumu yake. Siku hizi yeye ndiye anayewaamuru wageni wageuke.