Barabara ya 500 Kaskazini haiendi kaskazini

Najua nimewatupa, karibu mwezi mzima sijaandika kitu. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, halafu Jumamosi iliyopita nikapata mkasa ambao bora niwasimulie kabla haujapoa.

Kwa mliojiunga karibuni: nasoma Indiana, Marekani, upande wa kaskazini wa jimbo ambako ardhi ni bapa kama meza. Mahindi na soya, soya na mahindi, basi. Sasa hivi wameshavuna, imebaki theluji na nguzo za umeme.

Basi bwana, usiku ule tulikuwa tunarudi chuoni, mimi na jamaa yangu wa Kisumu, kwa gari la kuazima. Nilikuwa naendesha mimi. Gari likateleza kwenye barafu, likaingia mtaroni. Mimi sikuumia. Yeye alijigonga kichwa kwenye kioo, damu ikawa inamtoka na maneno anayosema hayaeleweki. Nikapiga 911. Dada akapokea na swali lake la kwanza: uko wapi?

Jamani, swali hilo! Nikaanza kumwelekeza kama nilivyolelewa: kuna ghala jekundu, mbele yake miti mitatu, halafu... Akanikatisha kwa upole. Maghala mekundu huku yako kibao. Akauliza kama nimeona kibao chochote cha barabara. Nilikuwa nimekiona kimoja kule tulikokata kona, 500 N. Nikamwambia, sasa hivi tuko 500 Kaskazini, tunaelekea kaskazini.

"Hapana," akasema. "Kama uko kwenye 500 Kaskazini, unaelekea mashariki au magharibi. Nipe namba ya pili."

Ngoja niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilikaa huku miezi kabla sijaelewa. Chukua daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo vidogo. Kaunti nyingi za Indiana ndivyo zilivyo. Kuna mistari miwili ya sifuri inayokatana, mmoja unatoka mashariki kwenda magharibi, mwingine kaskazini kwenda kusini. Kila mia moja ni maili 1, kama kilomita 1.6. Barabara ya 500 Kaskazini inaitwa hivyo kwa sababu iko maili 5 kaskazini mwa sifuri, lakini yenyewe imelala mashariki-magharibi. Jina halikuambii inaenda wapi, linakuambia iko wapi. Na namba ya nyumba nayo ni umbali: ukiona 2870 W, uko maili 2.87 magharibi mwa sifuri.

Kwa hiyo namba ya kwanza ilimpa dada yule barabara nzima. Alihitaji ya pili. Nikatoka na tochi ya simu, theluji hadi magotini, mpaka nikafika kwenye sanduku la barua la mkulima fulani. Nikalifuta kwa mkono. 2870. Nikamsomea. Akasema gari la wagonjwa limeshatoka. Nilitazama saa: dakika 12 likawa limefika.

Jamaa ameshonwa nyuzi saba, yuko salama, na anadai sitashika usukani tena mbele yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia jambo hili badala ya kusoma. Chanzo chake ni sheria iliyopitishwa na Kongresi ya Marekani mwezi Mei 1785. Wapima ardhi walitembea na mnyororo wa futi 66, minyororo 80 ni maili 1, wakaigawa nchi kwa miraba ya maili 6 kwa 6. Kila mraba ukakatwa vipande 36, kila kipande maili 1 kwa 1, yaani eka 640, na kipande cha 16 kikawekwa kwa ajili ya shule. Barabara zikaja kupita mipakani mwa vipande hivyo. Namba zilifuata baadaye sana. Kusini mwa jimbo hilihili, penye vilima, mpango unavurugika, barabara zinajipinda kufuata mabonde. Na hata kwenye tambarare kuna mahali barabara inapiga kona ya ghafla, hakuna mto, hakuna kilima. Dunia ni duara, wapimaji walilazimika kurekebisha mistari yao.

Ila tusijisahau, ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Septemba 1838 Wapotawatomi wapatao 850 walitolewa kaskazini mwa Indiana chini ya ulinzi wa askari, wakatembezwa maili 660 hivi hadi Kansas. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi watoto. Ule mraba safi unaouona ukiwa kwenye ndege ulichorwa ili uuzike.

Lakini sitadanganya, nilipokuwa nimesimama kwenye theluji, sikuwaza historia. Nilimwaza mzee. Mwaka 2019, nyumbani Mbagala, baba alianguka usiku, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Tukaita teksi. Dereva alipiga simu mara nne. Mara amefika kwa fundi cherehani, mara kwenye msikiti, kumbe msikiti mwingine. Tulimwambia kwenye mwembe, na mwembe ulikuwa umekatwa mwaka wa nyuma yake, sisi tu ndio bado tunauona. Kaka yangu akakimbia barabarani na tochi. Karibu saa nzima ilipotea. Baba yupo, anatembea, ila mkono wa kulia haujarudi mpaka leo.

Mwaka 2022 walipita watu wa anwani za makazi, nasi nyumbani tukapata namba na mtaa wetu ukapata kibao. Jana nikampigia mama, nikamwamkia, nikamwomba atoke nje anisomee namba ya nyumba yetu. Akashangaa, mwanangu una nini wewe, lakini akatoka. Nikamsikia anahangaika na miwani. Akanisomea, nikaiandika nyuma ya daftari.

"Umeipata?"

"Nimeipata mama."

"Haya. Lakini ukimwelekeza mtu, mwambie ashukie pale mwembeni."

Kesho asubuhi nina kipindi, naenda kulala. Tutaonana wadau.